Usisome jina la jeni peke yake: namna ya kuchora mnyororo wa protini kwenye majibu ya saratani ya matiti

Tafuta karatasi nyeupe na kalamu tatu: nyeusi, nyekundu na kijani. Ongeza penseli, tutaihitaji mahali pamoja. Nyeusi ni ya protini, nyekundu ni ya pale palipokatika, kijani ni ya kinachoweza kufanyika. Mchoro ukiisha, ingia nao kwa daktari. Utauliza maswali ya maana, si lile moja tu la "je, ni mbaya?"

Mimi ni mtu wa maabara. Mirija ya sampuli za damu ndiyo kazi yangu ya kila siku, na majibu ya jeni nimeyaona mengi mpaka macho yamezoea. Ndiyo maana kosa langu liliniuma. Mdogo wangu alipimwa kwa sababu shangazi yetu, dada yake baba, aliugua saratani ya matiti akiwa na miaka 41. Majibu yalipotoka aliniletea mimi kwanza, kabla hajamwona daktari. Nikakuta jeni iliyoharibika ni PALB2, si BRCA1 wala BRCA2, zile mbili zinazotajwa sana kwenye saratani ya matiti. Nikamwambia, "Shukuru Mungu, si BRCA." Akakunja karatasi, akaitia mkobani, na usiku ule akalala usingizi mnono. Nilikuwa nimesoma jina la jeni. Jeni ni maelekezo tu ya kutengeneza protini, na sikujiuliza protini yake inashikana na nani.

Tuanze hapo basi. Chora mstari wa kulala katikati ya karatasi, kisha uandike kwa nyeusi, kutoka kushoto: BARD1, BRCA1, PALB2, BRCA2, RAD51. Kila jina lipe duara lake, na kati ya duara na duara chora kiungo kama cha mnyororo. Hao ndio mafundi. DNA ikikatika nyuzi zote mbili, wao ndio wanaoirekebisha kwa kunakili kutoka kwenye nakala pacha, kazi safi isiyoacha makosa. BRCA1 na BARD1 hushikana mwanzoni mwa protini zote mbili, na kila mmoja humlinda mwenzake: mmoja akikosekana, mwingine huvunjwavunjwa upesi. BRCA1 ina sehemu iliyosokotwa kama kamba, na PALB2 nayo ina yake. Kamba hizo mbili hujisokota pamoja. Kwa mkia wake PALB2 humshika BRCA2. BRCA2 ni protini ndefu sana, asidi amino (matofali yanayojenga protini) 3,418, na ndani yake kuna sehemu nane zinazofanana ambazo hubeba RAD51 na kuipanga juu ya uzi uliobaki uchi. RAD51 ikishapangwa, hutafuta nakala pacha, na kazi huanza.

Sasa tazama PALB2 imekaa wapi. Katikati. Ndiyo daraja: BRCA1 huku, BRCA2 kule. Daraja likivunjika, BRCA1 yako inaweza kuwa nzima na BRCA2 yako nzima, na bado hawafikiani. Takwimu nazo zinasema hivyo hivyo. Mwanamke mwenye BRCA1 iliyoharibika ana uwezekano wa takriban asilimia 72 wa kupata saratani ya matiti kufikia miaka 80. BRCA2 ni asilimia 69. PALB2 ni kama 53. Ni pungufu, lakini si jambo la kumwambia mtu ashukuru kisha akalale.

Juu ya mstari huo, chora mstari wa pili, mfupi: ATM, CHEK2, p53. Hawa si mafundi, ni wapiga mbiu. ATM huhisi DNA imekatika na kuwasha CHEK2, kisha zote mbili huibandika p53 alama za fosfeti. Katika siku za kawaida p53 haikai, kwa kuwa protini iitwayo MDM2 huikamata na kuipeleka ikavunjwe. Alama zile huifanya MDM2 iteleze. p53 ikijaa ndani ya seli, husimamisha mgawanyiko mpaka matengenezo yaishe, au kama uharibifu umezidi, huiamuru seli ijiue. Chora mshale mmoja kutoka CHEK2 kushuka hadi BRCA1, maana CHEK2 huiwekea alama nayo pia.

Mchoro wa msingi ndio huo. Sasa chukua ripoti yenyewe.

Tafuta mstari unaoanza na herufi p na nukta. Huo unaeleza kilichoipata protini. Chukua mfano wa PALB2 wenye maandishi p.Leu35Pro. Leu ni leusini, 35 ni nafasi yake kuanzia mwanzo wa protini, Pro ni prolini iliyochukua nafasi hiyo. Asidi amino moja kati ya 1,186, unaweza kuipuuza. Lakini nafasi ya 35 iko ndani ya ile kamba inayomshika BRCA1, na prolini ina umbo lililokunjamana ambalo kwa kawaida huvunja msokoto inapoingia katikati yake. Hapo kalamu nyekundu inakata kiungo kimoja tu, kile cha kati ya BRCA1 na PALB2. Mkia bado unamshika BRCA2 kama kawaida.

Linganisha na PALB2 yenye p.Tyr1183Ter. Ter maana yake protini imekomea hapo. Zimepotea asidi amino nne za mwisho, nne tu! Ila mkia wa PALB2 umejikunja kama pangaboi la mabawa saba, na kipande cha mwisho ndicho kinachofunga duara. Kikikosekana, pangaboi lote linafumuka, na mshiko wa BRCA2 unakwenda nalo. Ya mdogo wangu ilikuwa ya aina hii, iliyokatika mapema zaidi. Nikakata kwa nyekundu upande wa pili.

Kwenye BRCA1 utakutana na p.Cys61Gly. Sisteini ya 61 ni mojawapo ya zile zinazoshikilia zinki kwenye kichwa cha protini. Ikigeuka glisini, kichwa kinalegea na mshikano na BARD1 unavurugika. Hapa kilichokatika ni kiungo tofauti kabisa, cha BRCA1 na BARD1. Ukishaona mifano mitatu hii, jina la jeni peke yake litaanza kukuonekania kama anwani isiyo na namba ya nyumba.

Penseli sasa. Ripoti nyingi hupanga mabadiliko katika madaraja matano, kuanzia yasiyo na madhara hadi yanayosababisha ugonjwa. La katikati ni la badiliko ambalo maana yake haijajulikana. Kama lako limo humo, weka alama ya penseli, usiguse nyekundu. Mabadiliko mengi ya daraja hili, yakichunguzwa zaidi, huishia kuonekana hayana madhara. Hayatoshi kumpeleka mtu kwenye upasuaji, na kwa hili sina mjadala na mtu.

Kisha jiulize habari ya nakala ya pili. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hizi, ya baba na ya mama. Mwaka 1971 Alfred Knudson, akichunguza saratani ya macho ya watoto, alipendekeza kwamba uvimbe huanza pale nakala zote mbili zinapopotea. Aliyerithi badiliko amezaliwa na pigo la kwanza katika kila seli. La pili hutokea baadaye kwenye seli moja ya titi. Kipimo cha damu kinakuonyesha pigo la kwanza tu. La pili linaonekana kwenye kinyama cha uvimbe wenyewe, na ndiyo maana daktari anaweza kutaka vyote viwili. Wakati mwingine jeni ya BRCA1 katika uvimbe haijaharibika hata herufi moja, imefungwa mdomo tu kwa alama za kikemia, na matokeo ni yale yale.

Hapa ndipo mistari miwili inapokutana, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ungetarajia seli iliyopoteza BRCA1 ianze mara moja kuzaana ovyo. La. DNA yake inakatika bila kurekebishwa, mbiu inapigwa, p53 inaisimamisha. Viinitete vya panya visivyo na BRCA1 kabisa hufa mapema tumboni. Ukiwaondolea p53 pia, huishi siku kadhaa zaidi. Kwa hiyo uvimbe wa BRCA1 ukishafika kwenye titi la mtu, mara nyingi sana utakuta p53 nayo imeharibika. Ilibidi iondolewe njiani. Uvimbe huo kwa kawaida hauna vipokezi (protini za seli zinazopokea ishara za kukua) vya homoni za estrojeni wala projesteroni, wala kile kiitwacho HER2, wakati ule wa BRCA2 mara nyingi una vya estrojeni. (Mtu aliyerithi p53 mbovu tangu kuzaliwa ni habari nyingine, amwambie kila daktari, kwa kuwa tiba ya mionzi kwake hukwepwa inapowezekana.)

Kijani. Dawa kama olaparib huzuia protini ya PARP, ambayo huziba mikato midogo ya uzi mmoja. Ikizuiwa, mikato hiyo hugeuka kuwa mikubwa, na seli isiyo na mnyororo wetu wa mafundi haina pa kukimbilia. Wazo hilo lilionyeshwa maabara mwaka 2005, na Marekani ikaidhinisha olaparib mwaka 2018 kwa saratani ya matiti iliyosambaa yenye BRCA mbovu iliyorithiwa na isiyo na HER2. Chora kijani chini ya mstari wa mafundi. Chini ya wapiga mbiu usiweke: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 9 kati ya 11 waliorithi PALB2 mbovu uvimbe wao ulinywea kwa olaparib, lakini kwa wale wenye ATM au CHEK2 mbovu pekee haukufanya hivyo.

Mchoro unaeleza hata usugu. Kuna protini iitwayo 53BP1 inayofunika ncha za DNA iliyokatika, na BRCA1 huisukuma kando ili ncha zichongwe. Uvimbe wa BRCA1 ukipoteza 53BP1, ncha zinachongeka zenyewe, matengenezo yanarudi, na dawa inapoteza makali. Je, uvimbe wa BRCA2 unaweza kutoroka kwa njia hiyo hiyo? Angalia karatasi yako. Hauwezi, kwa sababu shida yake si kuchonga ncha, ni kuipanga RAD51.

Nilimchorea mdogo wangu haya yote mezani siku ya kumwomba radhi. Yeye si mgonjwa, kwa hiyo kijani chake kiliandikwa tofauti: picha ya matiti kila mwaka, pamoja na ile ya MRI, na mazungumzo ya upasuaji wa kinga akiyataka mwenyewe. Aliuliza badiliko lake limetoka wapi, nikamwonyesha: kwa baba, ambaye hakuwahi kuugua. Wanaume hulibeba na kulipitisha vilevile, na kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kulipata.

Akatulia kidogo, kisha akasogeza kalamu nyekundu na karatasi tupu upande wangu. "Na yako, dada, iko wapi?"

Nilitoa damu Jumatatu yake.