Jinsi ya kuisoma nchi kwa karatasi moja ya ramani: Omani, tukianza na maji

Mwambie mwanafunzi aeleze nchi yoyote ya dunia, mara nyingi utapata aya tano: milima, hali ya hewa, historia, dini, uchumi. Kila aya imekaa peke yake, haijuani na jirani yake. Alama anapata, lakini ukimuuliza kwa nini madhehebu fulani yako mahali fulani, au kwa nini bomba la mafuta limepita njia ile, anakwama. Mimi hufundisha kwa ramani moja inayojazwa tabaka juu ya tabaka, na hatuongezi tabaka jipya kabla ya kuliuliza lililo chini yake.

Nitaionyesha njia hii kwa Omani. Tabaka zake zinaonekana wazi, na kusi inayoijenga sehemu ya nchi hiyo ni ileile inayovuma katika pwani yetu. Tayarisha ramani tupu ya Omani, penseli, rangi nne, na atlasi yenye rangi za mwinuko. Google Earth kwenye simu pia inatosha.

Hatua ya 1: Chora milima kabla ya mipaka

Kwa rangi ya kahawia, chora safu ya Hajar. Inaanza Musandam kaskazini kabisa, inapinda kufuata bahari, na kushuka hadi karibu na Ras al-Hadd mashariki. Kilele chake, Jabal Shams, kina takriban mita 3,000. Kati ya safu hiyo na bahari kuna uwanda mwembamba wa Batina. Nyuma ya safu, nchi inateremka polepole hadi jangwa la Rub al-Khali. Kisha nenda kusini kabisa uchore safu nyingine, ya Dhofar. Baina ya safu hizi mbili kuna mamia ya kilomita za ukame. Acha nafasi hiyo nyeupe, utaihitaji baadaye.

Weka pia alama ndogo ya shaba kwenye Hajar. Sehemu ya milima hiyo ni sakafu ya bahari ya zamani iliyosukumwa juu ya nchi kavu, na ndani yake mna shaba iliyochimbwa tangu zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Hatua ya 2: Uliza maji yanatoka wapi

Usiiharakishe hatua hii, maana ndiyo inayobeba zote zinazofuata.

Maskati hupata kama milimita 100 za mvua kwa mwaka. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Kwa hesabu hiyo, kilimo cha kutegemea mvua hakiwezekani. Lakini milima ya Hajar huyanasa mawingu, na vilele vyake hupata mvua zaidi kuliko uwanda. Maji hayo huzama katika nyufa za mawe na changarawe na kukusanyika chini ya miguu ya mlima. Waomani waliyafuata kwa falaj: huchimba kisima mama penye maji, kisha mfereji wa chini ya ardhi wenye mteremko mdogo sana, hadi maji yatokeze yenyewe juani, kijijini, bila pampu wala mnyama wa kuyavuta. Falaj nyingine huanzia kwenye chemchemi au kwenye bonde la mto wa msimu. Takriban 3,000 bado zinafanya kazi, na tano kati yake ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006.

Yafuate maji akilini. Kwanza hupita mahali pa kuteka ya kunywa, halafu msikitini na penye kuogea, ndipo yaingie mashambani, mitende ikitangulia. Shambani hugawanywa kwa zamu za muda. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota. Ukishaona hivyo, unaelewa kuwa kijiji hakikuweza kuishi bila mapatano na bila mtu wa kuyasimamia.

Sasa shuka Dhofar. Kati ya Juni na Septemba kusi hupita juu ya maji ya bahari yaliyopoa, ikabeba ukungu na manyunyu hadi kwenye milima iliyo nyuma ya mji wa Salalah. Upande unaotazama bahari hugeuka kijani, na ng'ombe na ngamia hulishwa humo. Wenyewe msimu huu huuita kharif. Ukungu hauvuki mlima. Nyuma yake, penye ukavu, ndiko unakotoka ubani unaosifiwa zaidi. Paka kijani upande mmoja wa safu na manjano upande wa pili, kwa mstari mkali kati yao.

Hatua ya 3: Weka miji

Kwa nukta nyekundu: Nizwa na Bahla nyuma ya Hajar, kwenye falaj, Sohar, Maskati na Sur pwani, Salalah kusini. Nizwa imeipa bahari mgongo, Maskati imelipa bara mgongo. Njia kuu ya asili kati yao ni bonde la Sumail, linaloikata safu. Lichore kwa mstari mzito.

Hatua ya 4: Iulize milima kuhusu dini

Madhehebu ya Kiislamu ya Ibadhi yalianzia Basra, Iraki, na katika karne ya 8 yakapata makao ndani ya Omani. Yanafundisha kwamba imamu huchaguliwa kwa elimu na ucha Mungu, si kwa nasaba. Majeshi ya makhalifa yaliweza kuifikia pwani. Kuitawala milima kwa muda mrefu kulikuwa kugumu. Uimamu ulijengwa Nizwa, katika nchi ya vijiji vilivyokuwa tayari vinaishi kwa mapatano ya maji. Sisemi kwamba falaj ilizaa Ibadhi. Nasema Ibadhi ilikuta jamii ambayo ingeweza kuipokea na kuilinda.

Tazama ile nafasi nyeupe. Ng'ambo yake, Dhofar, Waislamu wengi ni Sunni wa madhehebu ya Shafii, sawa na pwani ya Waswahili. Msafiri Ibn Battuta alitoka Kilwa hadi Dhofar kwa jahazi miaka ya 1330. Bahari iliwaunganisha na sisi kuliko jangwa lilivyowaunganisha na Nizwa.

Hatua ya 5: Historia iwe ya pande mbili za mlima

Wareno waliiteka Maskati mwaka 1507, wakabaki pwani. Nguvu iliyowafukuza mwaka 1650 ilitoka bara, chini ya maimamu wa ukoo wa Yaaruba, na mwaka 1698 Waomani wakaiteka Fort Jesus ya Mombasa. Baadaye Sayyid Said wa ukoo wa Busaidi akahamishia makao yake Unguja, na mwaka 1861 dola ikagawanywa kati ya Maskati na Zanzibar. Hadi mwaka 1970 nchi iliitwa Maskati na Omani, jina lililobeba mgawanyo wa zamani kati ya sultani wa pwani na imamu wa bara. Jina hilo liandike juu ya ramani yako, neno moja kila upande wa Hajar.

Hatua ya 6: Uchumi

Mafuta yako kwenye tambarare ya jangwa, Fahud na Yibal. Yalianza kusafirishwa nje mwaka 1967. Chora bomba kutoka Fahud hadi bandari ya Mina al-Fahal karibu na Maskati. Litapita bonde lilelile la Sumail. Halafu weka bandari za Salalah na Duqm, zinazotazama bahari kuu, nje ya mlango wa Hormuz wenye upana usiofika kilomita 40 mahali pembamba zaidi.

Hatua ya 7: Jaribu mwenyewe, nchi ya jirani

Chukua ramani tupu ya Yemen. Chora nyanda za juu za magharibi na uwanda wa Tihama, tafuta mvua inaangukia wapi, halafu matuta ya kilimo na kahawa iliyopitia bandari ya Mocha. Mwisho weka Wazaidi, ambao ni tawi la Shia, na Washafii, ambao ni Sunni. Kabla ya kufungua kitabu, kisia kwa penseli nani wako juu mlimani na nani wako pwani, na andika pembeni sababu ya kukisia hivyo.