Mkataba wa shoo: mambo ya kuandika kabla bendi haijapanda jukwaani

Nasimamia bendi inayopiga harusi na baa, Kampala na mikoani. Huku kwetu Uganda kazi nyingi hukubaliwa kwa simu, promota akasema "njooni tu, tutaelewana". Msielewane usiku wa shoo. Elewaneni mapema, hivi:

1. Andika. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka makubaliano yanayozidi shilingi 500,000 yawe kwa maandishi. Ujumbe wa simu unaoweza kufunguliwa tena baadaye nao ni maandishi, kwa hiyo usifute mazungumzo ya WhatsApp. Mimi bado napendelea karatasi yenye sahihi.

2. Jua unaingia mkataba na nani. Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Akisema ni kampuni, ulizia URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni, kama imesajiliwa.

3. Pesa. Hapa usiwe na haraka. Taja jumla, arubuni ya nusu siku ya kusaini, na salio kabla ya wimbo wa kwanza. Ukikubali kulipwa baada ya shoo utaambiwa watu hawakuja, na hilo halikuhusu, isipokuwa mlikubaliana kugawana pesa za mlangoni. Andika pia:
- mnapiga kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na kila saa ya ziada ni kiasi gani;
- nani analeta spika, jenereta na mafuta yake;
- usafiri, chakula na malazi mkienda Arua au Mbarara (hivi ndivyo vinavyokula faida yote);
- mteja akiahirisha au kufuta, arubuni hairudi.

Mteja aliyeteuliwa na URA (mamlaka ya mapato) kukata kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla hujalipwa, atakata asilimia 6 kwenye malipo yanayozidi milioni moja. Umdai cheti cha makato hayo, maana hiyo ni kodi yako iliyokwisha kulipwa.

4. Video. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 2006 inamlinda hata mpigaji ambaye wimbo si wake: onyesho lake halirekodiwi wala kurushwa bila ridhaa yake. Ruhusu dakika chache za matangazo ukitaka. Shoo nzima kwenye YouTube iwe na bei yake, iandikwe.

5. Sainini nakala mbili, kila ukurasa, mbele ya shahidi.

Asipolipa, mwandikie barua ya madai, umpe siku 14. Zikipita, nenda mahakama ya hakimu, ufungue kesi kwa utaratibu wa madai madogo: utaratibu huo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na unajieleza mwenyewe bila wakili. Beba mkataba, barua hiyo na ujumbe wa arubuni ulioingia kwenye simu yako.

Mkataba wa miaka kadhaa na lebo, yaani kampuni ya kurekodi muziki, ni jambo jingine. Huo, ndugu yangu, usiusaini kabla wakili wako mwenyewe, si wa lebo, hajausoma.