Kuku mzima wa moshi: moto wa kutosha, moshi safi, ngozi inayokatika

Wengi wanaoanza kufukiza nyama huanza na kidari cha ng'ombe au mbavu, na huko ndiko wanakokaririshwa kwamba moto uwe mdogo na saa ziwe nyingi. Kwa nyama hizo ni sawa. Zina kano na tishu ngumu zinazohitaji muda mrefu ili zilegee. Kisha mtu yuleyule anamweka kuku kwenye joto lilelile la nyuzi 107 na baada ya saa nne anatoa ndege mwenye rangi ya kupendeza, ila ngozi yake huivuti wala huitafuni. Kuku wa nyama ni mchanga na nyama yake ni laini tangu mwanzo, kwa hiyo hahitaji kulegezwa. Anahitaji kuiva bila kukauka, apate moshi kiasi, na mafuta yaliyo chini ya ngozi yayeyuke. Hilo la mafuta halifanyiki kwa moto wa kubembeleza.

Mwongozo huu ni wa jiko lolote la moshi la uani, liwe la pipa, la duara lenye mfuniko, au lile lenye chumba cha moto pembeni. Vipimo vyote vya joto ni vya Selsiasi.

Hatua ya 1: Kuku mwenyewe

Tafuta kuku wa nyama wa kilo 1.5 hadi 2. Akizidi hapo, kidari hukauka huku mapaja bado yanasubiri. Kuku wa mayai aliyestaafu ana mahali pake, napo ni sufuriani.

Kama ameganda, myeyushe ndani ya friji, siku nzima kwa kuku wa kilo 2. Usimweke jikoni akiwa na barafu tumboni: nje ataonekana ameiva, ndani atakuwa amekaa muda mrefu mno kati ya nyuzi 5 na 60, joto ambalo bakteria hulifurahia.

Na usimwoshe. Najua hapa nitapingwa, lakini maji ya bomba hayaui bakteria kama Salmonela na Kampilobakta. Kinachotokea ni kwamba matone yanaruka na kuwasambaza hadi kwenye sinki, kwenye ubao wa kukatia, na kwenye mboga ulizokwisha kuandaa. Moto ndio unaowaua. Ng'oa manyoya yaliyosalia, toa firigisi na maini kama yamefungwa tumboni, mpanguse kwa karatasi za jikoni ndani na nje, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Hatua ya 2: Mpasue mgongo

Mimi humpasua. Chukua mkasi mkubwa wa jikoni, anza mkiani, kata upande mmoja wa uti wa mgongo hadi shingoni, kisha rudia upande wa pili. Uti ukishatoka (usiutupe), mgeuze kuku kidari kiwe juu na umkandamize katikati kwa kiganja hadi usikie mfupa wa kifua ukialika. Sasa amelala bapa. Unene wake unakaribiana kila mahali, na ngozi yote imeelekea juu, hakuna sehemu iliyojificha kwenye mvuke.

Ukitaka aingie na atoke akiwa hajapasuliwa, kwa sababu ya sura ya mezani, inawezekana. Ila usimfunge miguu kwa kamba kama wanavyofanya kwenye picha, maana sehemu ya ndani ya paja huchelewa sana kupata joto. Kunja ncha za mabawa nyuma ya mgongo zisiungue. Tumbo liache tupu. Kuku aliyejazwa wali au mkate tumboni hafai kufukizwa, kwa kuwa kile kilichojazwa huchelewa kufika joto salama, na ukikisubiri, nyama inakuwa imeshakauka.

Hatua ya 3: Chumvi, halafu friji usiku kucha

Hatua hii watu huiruka, kisha wanalaumu jiko.

Pima chumvi gramu 12 hadi 15 kwa kila kilo ya kuku. Kwa chumvi laini ya mezani hivyo ni takriban vijiko viwili vya chai, na robo tatu ya hiyo iende kwenye kidari na mapaja ambako nyama ni nene. Ingiza kidole kati ya ngozi na nyama ya kidari, taratibu usiipasue, na ufikishe sehemu ya chumvi huko chini. Soma pia kifungashio: kuku wengine huuzwa wakiwa wamedungwa maji ya chumvi kiwandani, na hao wapunguzie nusu.

Mlaze kwenye wavu juu ya sinia, umweke rafu ya chini kabisa ya friji asichuruzikie chakula kingine, na usimfunike. Saa 8 zinatosha, saa 24 ni bora. Mwanzoni utaona vitone vya maji vikitoka juu ya ngozi. Hiyo ni chumvi inavuta maji ya nyama. Baadaye maji hayo, yakiwa yameyeyusha chumvi, hurudi ndani, na nyama iliyopata chumvi hushikilia maji yake vizuri zaidi motoni. Wakati huohuo hewa ya friji inakausha ngozi. Asubuhi ukiigusa haitakuwa na utelezi tena. Itakuwa imekaza, imekuwa nyembamba, na karibu unaona nyama kupitia kwake. Ukiona hivyo, ngozi iko tayari kwa moto.

Kuna wanaopenda kumloweka kwenye maji ya chumvi, gramu 60 kwa lita, kwa saa nne au zaidi. Nyama inatoka nzuri kwa kweli, lakini ngozi inalowa chapachapa na itabidi umkaushe kwenye friji vilevile. Sioni faida ya kuzunguka huko kote.

Viungo ni mapenzi yako: pilipili manga, paprika, kitunguu saumu cha unga, bizari. Paka mafuta kidogo kwanza vishike. Mchanganyiko usiwe na chumvi tena, wala sukari. Sukari inaweza kugeuka nyeusi na chungu kabla kuku hajaiva.

Hatua ya 4: Moto na mti

Washa mkaa nje ya jiko, kwenye kopo la kuwashia kama unalo, kwa karatasi au kiwashio cha nta. Usimwagie mafuta ya taa wala petroli, harufu yake itakufuata hadi mezani. Makaa yakishika na kufunikwa na majivu ya kijivu, yasukume upande mmoja wa jiko. Kuku atakaa upande wa pili, pasipo na kaa hata moja chini yake, na chini ya wavu weka trei ya kukinga mafuta. Trei hiyo iache kavu. Bakuli la maji linasaidia nyama zinazokaa motoni saa kumi na mbili, kwa kuku linatengeneza mvuke, na mvuke ni adui wa ngozi.

Matundu ya chini ndiyo usukani wako: ukiyafungua moto unapanda, ukiyabana unashuka. Tundu la juu au dohani iache wazi muda wote. Anayefunga juu ili kupunguza joto anaufungia moshi ndani, nao unapoa na kuacha masizi machungu juu ya nyama.

Mti uwe mgumu na mkavu. Mtufaa, mcheri, mpera, mchungwa na mwaloni yote inafaa. Miti ya matunda ina moshi mpole unaoelewana na kuku, mwaloni una nguvu zaidi. Kaa mbali na msonobari na miti mingine yenye utomvu, na usiguse kabisa mbao zilizopakwa rangi, zilizotiwa dawa ya mchwa, au mbao za gundi. Gonganisha vipande viwili: mti mkavu unalia kwa sauti kali, mbichi unatoa sauti butu. Vipande viwili au vitatu vya ukubwa wa ngumi vinatosha kuku mmoja. Nyama ya kuku hunywa moshi haraka, na ukizidisha utakula jivu.

Usiloweke vipande hivyo majini. Mti uliolowa lazima kwanza uchemshe maji yake yote ndipo uanze kutoa moshi unaoutaka. Kabla ya hapo unakupa mvuke tu na unapoza moto.

Jiko likae nje, penye hewa. Si gereji hata mlango ukiwa wazi, wala si veranda iliyozibwa. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na inaua.

Hatua ya 5: Subiri moshi ubadilike

Ukishaweka mti, funika na uangalie kinachotoka juu. Kwanza ni moshi mweupe, mzito, unaojikunja. Huo ni wa mti ambao haujashika moto vizuri, na ndio unaofanya nyama iwe chungu na ulimi ufe ganzi. Usimweke kuku. Baada ya dakika 15 au 20 moshi unapungua, unakuwa mwembamba wenye rangi ya samawati, na wakati mwingine huuoni kabisa mpaka usimame jua likiwa mbele yako. Pitisha kiganja juu ya dohani, juu kidogo usiungue, kisha kinuse. Kama kinanuka kama mti uliochomwa, endelea. Kama kinanuka masizi au macho yanawasha, ngoja, au fungua matundu ya chini zaidi moto upate hewa.

Joto unalotafuta ni nyuzi 135 hadi 150, lipimwe pale kwenye wavu atakapokaa kuku. Kipimajoto kilichoko kwenye mfuniko kinapima hewa ya juu na kinaweza kutofautiana sana na hali ya chini. Kipimajoto chako kijaribu kwanza kwenye bilauri ya barafu iliyochanganywa na maji, kinapaswa kusoma 0.

Hatua ya 6: Jikoni

Mtoe kuku kwenye friji na umweke moja kwa moja, akiwa wa baridi. Moshi hushika vizuri juu ya nyama iliyopoa. Ngozi iwe juu, mapaja yaelekee upande wa makaa na kidari kiwe mbali, kwa sababu mapaja yanastahimili joto zaidi.

Funika, na uache. Hakuna kunyunyizia maji ya tufaha, hakuna kumpaka siagi kila nusu saa. Unamlowesha upya baada ya usiku mzima wa kumkausha, na kila ukiinua mfuniko joto linatoroka.

Kuku aliyepasuliwa wa kilo 1.5 kwenye nyuzi 140 huchukua kama saa moja na nusu, asiyepasuliwa kama saa mbili au zaidi kidogo. Hayo ni makadirio ya kupangia wageni tu. Upepo, baridi na jiko lenyewe vitayabadilisha.

Kidari kikifika nyuzi 65, chungulia ngozi. Kama bado ni laini, fungua matundu yote ya chini jiko lipande hadi 180 au zaidi kwa dakika za mwisho. Au mlaze kifudifudi juu ya makaa kwa dakika mbili, ukiwa umesimama palepale, maana mafuta yakidondoka ndimi za moto zinaruka. Mchuzi mtamu wa kupaka, kama unaupenda, upake sasa, dakika kumi za mwisho, wala si kabla.

Hatua ya 7: Kujua ameiva

Choma kipimajoto kwenye kidari kutoka upande wa shingo, sehemu nene kuliko zote, ncha isiguse mfupa kwa kuwa mfupa utakudanganya. Kisome huku ukikivuta nje polepole, na uchukue namba ya chini kabisa uliyoiona. Isipungue 74. Kisha pima paja, karibu na kiungo: hapo 74 ni salama, lakini nyama bado ina ukakasi wa mpira, kwa hiyo ngoja ifike 80 hadi 85.

Usiamue kwa rangi. Gesi za moto hukutana na rangi nyekundu ya asili ya nyama na kuibakiza waridi chini ya ngozi, hata kuku akiwa ameiva barabara. Kwa kuku wachanga, karibu na mifupa huwa pekundu pia. Mgeni akishtuka, mwonyeshe kipimajoto.

Hatua ya 8: Kupumzika, kukata, mabaki

Mwache kwenye ubao dakika 10 hadi 15 bila kumfunika. Ukimfunga kwa foili, mvuke wake wenyewe utailegeza ngozi uliyoihangaikia tangu jana. Ondoa mapaja kwanza kwa kukata kwenye kiungo, kisha mabawa, mwisho kidari, ukipitisha kisu kando ya mfupa wa kifua na kukata vipande dhidi ya nyuzi za nyama.

Kilichobaki kiingie friji ndani ya saa mbili na kiliwe ndani ya siku tatu au nne. Mifupa ichemshe pamoja na ule uti uliouhifadhi, kitunguu na maji, saa mbili au tatu kwa moto mdogo. Supu yake ina moshi mkali kuliko unavyodhani, kwa hiyo ionje kabla ya kutia chumvi, na ukiitumia kupikia maharage au wali, ichanganye nusu kwa nusu na maji.