Namna ya kufuatilia uongozi wa Waseminole wa karne ya 19 bila kuwachanganya watu

Ukiandaa somo au makala kuhusu Waseminole, wenyeji wa asili wa Florida, kusini-mashariki mwa Marekani, usianze kwa kumtafuta mfalme wao, maana hakuwepo. Walikuwa vijiji vilivyojitawala, vingine vikizungumza Kimuskogee na vingine Kimikasuki, na kila kijiji kilikuwa na wakubwa wake. Kabla hujaandika jina lolote, igawe karatasi yako safu nne: chifu wa kurithi, kiongozi wa vita, mganga, na mkalimani. Kila mtu utakayekutana naye mpe safu yake, pamoja na kijiji na mwaka.

Safu ya machifu ijaze kwa kufuata upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mamake, na cheo kilitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada. Micanopy, chifu mkuu wakati wa vita vya pili kati ya Waseminole na Marekani (1835 hadi 1842), alikipata kwa njia hiyo katika ukoo wa Payne na Bolek waliotawala eneo la Alachua, kaskazini mwa Florida, kabla yake. Ukichora nasaba ya baba na mwana, ataonekana kama mtu aliyezuka tu, na msomaji atadhani alinyakua madaraka.

Osceola ndiye anayewekwa vibaya kuliko wote. Alizaliwa Alabama mnamo 1804, akahamia Florida na mamake baada ya vita vya 1813 na 1814 vya Wacreek, wenyeji jirani wa Waseminole, na hakuwahi kuwa chifu wa kurithi. Mwandikie kwenye safu ya vita. Sauti yake aliipata kwa matendo: Novemba 1835 alimuua Charley Emathla, chifu aliyekubali kuhamia magharibi ya Mto Mississippi kama serikali ya Marekani ilivyotaka, kisha tarehe 28 Desemba akaongoza watu waliomuua Wiley Thompson, wakala wa serikali ya Marekani, pale Fort King, ngome ya jeshi huko Florida. Siku hiyohiyo kikosi cha Meja Francis Dade, chenye wanajeshi zaidi ya 100, kiliangamizwa njiani wakaponea wachache mno. Wengi humweka Osceola kwenye mapigano hayo pia. Hakuwepo. Walioongoza huko walikuwa Micanopy, Jumper na Halpatter Tustenuggee, aliyejulikana pia kama Alligator.

Ukitaka kuona safu hizi zikifanya kazi kwa pamoja, soma kwa makini mapigano ya Ziwa Okeechobee ya tarehe 25 Desemba 1837. Waseminole walichagua kichaka kikavu chenye kinamasi mbele yake. Wakafyeka majani marefu ili waone wanakolenga, wakachonga mapengo kwenye miti ya kuegemeza bunduki. Jeshi la Kanali Zachary Taylor lililazimika kupita kwenye tope hilo kwa miguu, likapoteza watu 26 na 112 kujeruhiwa. Upande wa Waseminole kulikuwa na viongozi watatu, kila mmoja na watu wake: Abiaka, mganga mzee wa Wamikasuki aliyeitwa pia Sam Jones; Coacoochee, kiongozi wa vita; na Halpatter Tustenuggee. Anayeandika kwamba "jemadari wa Waseminole" alikuwa fulani ameshakosea.

Safu ya nne ndiyo inayoachwa wazi mara nyingi, na huo ni uonevu kwa waliostahili kuwemo. Abraham, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, alikuwa mkalimani na mshauri wa Micanopy, na maneno yake yalibeba uzito barazani. John Horse, Mseminole Mweusi, naye alipigana na kujadiliana. Vijiji vya Waseminole Weusi, yaani watu waliotoroka utumwa wenyewe au ambao wazazi wao waliutoroka, vilikuwa sababu kubwa ya wenye mashamba ya kusini kutaka vita hivi.

Kwenye mikataba ya Waseminole na serikali ya Marekani, usitosheke na tarehe. Angalia nani alitia saini, wapi, na kwa sharti gani. Ule wa Moultrie Creek wa 1823, ambao msemaji wake mkuu alikuwa Neamathla, uliwasukuma ndani ya Florida mbali na pwani. Wa Payne's Landing wa 1832 ulitaka wajumbe wakaikague kwanza nchi ya magharibi. Wajumbe hao wakatia saini Fort Gibson mwaka 1833, na serikali ikaichukua saini yao kuwa ni ya watu wote. Machifu walikataa: wajumbe walitumwa kutazama na kurudi kueleza, si kuamua. Bila kifungu hicho, vita vya 1835 vitaonekana havina chanzo.

Usiandike kwamba Osceola "alishindwa". Oktoba 1837 alikamatwa karibu na St. Augustine kwa amri ya Jenerali Thomas Jesup, akiwa amekuja kuzungumza chini ya bendera nyeupe. Alifia Fort Moultrie, Carolina Kusini, tarehe 30 Januari 1838, na vita vikaendelea hadi 1842.

Majina nayo hutega. Micco, Emathla na Tustenuggee ni vyeo, kwa hiyo wawili wenye Tustenuggee si lazima wawe ndugu. Holata Micco ndiye Billy Bowlegs wa vita vya tatu, 1855 hadi 1858. Usimchanganye na Bolek wa mwanzoni mwa karne, ambaye naye huandikwa Bowlegs.

Kuanzia 1842, karatasi moja haitoshi, maana wengi walikuwa wamehamishiwa magharibi na wachache wakabaki Florida. Ya Florida imfuate Abiaka, ambaye hakuondoka kamwe, na Holata Micco aliyesafirishwa 1858. Ya magharibi ianze na mkataba wa 1845 uliowaweka chini ya Wacreek, ule wa 1856 uliowatenganisha, kisha mgawanyiko wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, John Jumper akiwa upande wa Kusini na John Chupco upande wa Kaskazini. Coacoochee na John Horse waandike pembeni yake: wao waliongoza watu wao hadi Meksiko.