Jinsi ya Kuthibitisha Hati za Serikali ya Marekani Zitumike Nchi Nyingine

Umeishi Marekani miaka kadhaa, sasa umepata kazi Muscat, au unarudi Dar es Salaam, au unafunga ndoa Kigali. Karibu kila mara utaambiwa ulete ripoti ya FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ile inayofanya kazi ya cheti cha tabia njema cha polisi wa kwetu, na kwamba iwe imethibitishwa. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea njia, na wengine hulipa mawakala mamia ya dola kwa kazi ambayo serikali yenyewe hutoza dola 20 kwa kila hati.

Kwanza tuelewane kuhusu uthibitisho wenyewe, maana ukilielewa hili makosa mengi utayaepuka. Ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje huko Washington hachunguzi kama yaliyoandikwa kwenye hati yako ni kweli. Anatazama saini na muhuri: je, aliyesaini ni mtumishi halali wa serikali, na muhuri ni wa ofisi inayotambulika? Akiridhika, anaambatanisha cheti kinachosema hivyo. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya yote ni hili: hati yangu imesainiwa na nani?

Ikiwa imesainiwa na ofisa wa serikali kuu, ni hati ya shirikisho na inakwenda moja kwa moja Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kwenye ofisi yake ya uthibitisho wa hati. Kundi hili lina ripoti ya FBI, cheti cha mtoto wa raia wa Marekani aliyezaliwa nje, barua za hifadhi ya jamii, na Fomu 6166 ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inayothibitisha kuwa wewe ni mkaazi wa Marekani kwa mambo ya kodi. Cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na cha kifo si hati za shirikisho, hata kama zimetoka Marekani. Hizo hutolewa na jimbo, na huanzia kwa Katibu wa Jimbo husika. Hati ya uwakilishi, ile unayomwandikia kaka au shangazi akuuzie kiwanja nyumbani, nayo ni ya jimbo, kwa sababu aliyeishuhudia ni notari wa jimbo, yaani mtu aliyeidhinishwa kushuhudia saini.

Swali la pili ni nchi inayopokea. Kuna Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 unaoziwezesha nchi wanachama kupokeana hati kwa cheti kimoja tu kiitwacho apostili. Marekani imo tangu 1981. Oman imo tangu 2012, Burundi 2015, Saudi Arabia 2022, na Rwanda 2024. Ukipeleka hati huko, apostili inakutosha, ubalozini huendi. Tanzania, Uganda na Falme za Kiarabu hazimo. Kwa nchi hizo Wizara hutoa cheti cha uthibitisho cha aina nyingine, kisha hati inapitishwa kwenye ubalozi wa nchi hiyo. Orodha ya wanachama huzidi kuongezeka, basi itazame kwenye tovuti ya mkataba kabla hujatuma chochote.

Tofauti hii inaigusa pia ile hati ya jimbo. Cheti cha ndoa cha California kinachokwenda Oman kinapewa apostili na jimbo lenyewe, basi. Kikienda Tanzania, kinaanza jimboni, kinakuja Wizarani Washington, ndipo kinafika ubalozini. Ofisi tatu, kwa mpangilio huo huo, na huwezi kuruka hata moja.

Sasa ripoti ya FBI. Ombi hufanywa mtandaoni kwa dola 18, na alama za vidole unaweza kuchukuliwa kwenye baadhi ya ofisi za posta, ambazo hutoza ada yao kando. Ukiomba kwa njia hiyo majibu huja baada ya siku chache, nawe unayachapisha. Yanakuja tayari na muhuri wa FBI na saini ya ofisa wake, na hivyo ndivyo Wizara inavyoyataka.

Hapa nakuomba uwe makini, kwa sababu mimi niliumia. Nilikulia mahali ambapo karatasi isiyo na muhuri wa rangi ya zambarau haionekani kuwa karatasi. Ripoti yangu ilipotoka kwenye printa, ikiwa nyeusi na nyeupe tupu, nikaona haina uzito. Nikaipeleka kwa notari, akanigongea muhuri pale chini kulia, wino ukagusa ukingo wa saini ya ofisa. Nikaituma kwa furaha. Iliporudi haikuwa na cheti chochote. Hati ya shirikisho haipelekwi kwa notari; muhuri wake unaiharibu. Niliomba ripoti upya, nikapanga foleni upya, na tarehe ya kuanza kazi ikapita. Karatasi yako ikiwa na saini na muhuri wa serikali kuu, usiiongeze kitu. Usiikunje ovyo, usiitie plastiki ya moto, na usitume nakala ya kutoa kivuli ukadhani itapita.

Usiitafsiri mapema pia. Hati iliyo kwa Kiingereza itume ilivyo, na tafsiri ya Kiswahili au Kiarabu ifanyike baadaye kwa masharti ya wanaoipokea.

Hati ikiwa tayari, jaza fomu DS-4194. Ni fupi: jina, anwani, idadi ya hati, na nchi zitakakotumika. Kisanduku cha nchi ndicho kinachoamua upewe apostili au cheti kile kingine, kwa hiyo ukiandika Oman wakati hati inakwenda Dubai, umepoteza fedha na wiki kadhaa. Ikiwa hati inahitajika katika nchi mbili, andaa hati mbili na maombi mawili.

Kwa posta, malipo ni kwa hundi au hundi ya posta iliyoandikwa kwa jina la U.S. Department of State. Usitie pesa taslimu. Ndani weka bahasha ya kurudishia iliyokwisha kulipiwa, yenye anwani yako na namba ya kufuatilia. Bahasha hiyo wengi huisahau. Piga picha namba zote mbili za ufuatiliaji, ya kwenda na ya kurudi, kabla hujafunga. Barua zinakwenda Virginia. Nakili anwani kamili kutoka ukurasa wa Wizara siku unayotuma, kwani iliwahi kuhamishwa na watu bado wanaisambaza ile ya zamani.

Kwa posta hesabu wiki tano au zaidi. Anayesafiri ndani ya wiki mbili au tatu anaweza kupeleka mwenyewe kwenye dirisha la 600 19th Street NW, Washington, na huchukua kama siku saba za kazi. Ikiwa kuna msiba au mgonjwa mahututi wa karibu katika familia nje ya Marekani, kuna miadi ya dharura ya siku hiyo hiyo. Uwe na ushahidi wa maandishi.

Zingatia pia umri wa ripoti. Waajiri na ofisi za uhamiaji wengi hawapokei ripoti ya zaidi ya miezi mitatu au sita. Waulize kwanza kikomo chao, kisha hesabu kurudi nyuma: wiki za ubalozi, wiki za Wizara, siku za FBI.

Ikirudi, utakuta cheti kimebanwa juu ya hati yako kwa pini. Usiibanue, hata kwa ajili ya kuiskani vizuri. Pini ikitoka, uthibitisho umekufa. Geuza kurasa taratibu, ziskani zikiwa zimebanwa hivyo hivyo.

Wa Tanzania sasa anaupeleka mzigo huo ubalozini, 1232 22nd Street NW, Washington. Piga simu kwanza uulize ada na namna ya kulipa, na bahasha nyingine ya kurudishia uwe nayo. Wa Falme za Kiarabu akitoka ubalozini ana hatua moja tena: hati inagongwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya kule atakapofika.