Usiuziwe ndago ukadhani ni ukoka, kagua hivi

Wakuu, masika iliyopita nilinunua viroba vinne vya ukoka barabarani nikapanda uani kwangu Goba, haukupita muda nusu ya uwanja ndago tupu, na ndago ukiing'oa inaacha kiazi chini afu inachipua upya kama vile umeitania. Siku hizi silipi kabla sijakagua.

Anza na shina. Lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada, ukisikia kona tatu rudisha, hiyo ndago, Cyperus rotundus, na kitaalamu wala sio nyasi, familia yake ni Cyperaceae. Ukoka uko Poaceae, familia ya nyasi, ukoo mmoja na mahindi, mpunga na miwa. Shina lake la mviringo, lina vifundo kama kamuwa kadogo, linatambaa na kifundo kikigusa udongo kinatoa mizizi. Cheki na pale jani linapoachana na shina, kuna kamstari ka vinywele vyeupe, zumu na simu utakaona freshi tu.

Ila majani yanadanganya bwana, mmea unautambua kwa uhakika kwenye suke. La ukoka lina vidole vyembamba, mara nyingi vitatu mpaka sita, vyote vimeanzia sehemu moja. Vikiwa vinene, na kimoja kimeshuka chini kimejitenga, afu mmea wenyewe umekaa kichaka na mashina yake bapa meupe huku chini, hiyo ni Eleusine indica, ndugu yake ulezi. Vikiwa vifupi na kila kimoja kina kancha kamechomoza mwishoni, Dactyloctenium aegyptium, iko kibao kwenye mchanga wa pwani yetu. Wote watatu nusu-familia moja, Chloridoideae, ndo maana wanafanana vile.

Usichanganywe na majina mawili: Linnaeus mwaka 1753 aliuita ukoka Panicum dactylon, 1805 Persoon akauhamishia Cynodon, kwahiyo leo ni Cynodon dactylon. Hiyo dactylon ni kidole kwa Kigiriki, yani suke lenyewe.

Ukikwama, ng'oa mmea mzima na mizizi na suke, ubane kwenye gazeti ukauke, andika umeuchuma wapi na lini, upeleke kwa watu wa botania pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Usiende na jani tupu, utamsumbua mtu bure.