Kuotesha msandali: mche usiokubali kuishi peke yake

Mara ya kwanza nilipootesha msandali, miche ilinawiri vizuri kitaluni. Nilipoihamishia shambani ikaanza kugeuka njano, mmoja baada ya mwingine, hadi ikaisha yote. Maji ilipata. Ilichokosa ni jirani.

Msandali wetu wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, hubaki na majani mabichi mwaka mzima na hujitengenezea chakula kwa jua kama mimea mingine. Lakini mizizi yake hunyonya maji na madini kutoka kwenye mizizi ya mimea iliyo karibu. Kila hatua hapa chini inatokana na jambo hilo.

Hatua ya 1: Mbegu
Msandali una miti dume na miti jike, na matunda hupatikana kwa jike tu. Chuma yaliyoiva mekundu, kutoka miti kadhaa, na uwaachie ndege sehemu yao. Mizizi usiiguse kabisa. Wachimbaji haramu hung'oa mti mzima kwa sababu mafuta yenye harufu yamo kwenye mizizi na kiini cha shina, na majike ndiyo wanayoyatafuta zaidi. Jike likishaondoka, dume lililobaki litachanua miaka nenda miaka rudi bila kuzaa tunda hata moja. Hili linaniuma sana. Kenya ilipiga marufuku uvunaji mwaka 2007, na mwaka 2013 mti huu ukaingizwa kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo muone afisa wa misitu kabla ya kuchuma mbegu porini.

Hatua ya 2: Kuotesha
Toa nyama ya tunda siku hiyohiyo, osha kokwa, zianike kivulini. Kisha shika kokwa kwa koleo dogo na ubane taratibu mpaka usikie "ta!" Acha hapo hapo, ukizidisha utaponda kiini. Loweka usiku kucha, panda kwenye mchanga msafi wenye unyevu, kivulini. Huchelewa kuota, tena hazioti kwa pamoja, basi usikivuruge kitanda kwa kukosa subira.

Hatua ya 3: Mlezi
Mche ukipata majani machache, uhamishie kwenye kiriba kikubwa pamoja na mche wa mmea mwingine utakaomlea. Mimi hutumia Dodonaea viscosa au Rhus natalensis, kwa kuwa yote miwili huvumilia ukame. Mlezi akianza kumfunika msandali, mpunguze matawi. Baada ya miezi kadhaa toa kiriba kimoja, osha udongo polepole, utazame: utaona vifundo vyeupe, vidogo kama kichwa cha kiberiti, vimeung'ang'ania mzizi wa jirani. Ukiviona, miche iko tayari.

Hatua ya 4: Shambani
Panda mvua zinapoanza, kando ya vichaka vilivyopo. Wengi hukosea hapa: hufyeka kila kitu ili shamba lionekane safi, na hapo wamemnyima msandali jirani wa kumnyonya maji na madini. Palilia nyasi tu kuzunguka shina, na uzungushie miiba kuzuia mbuzi.

Panda miche kumi au zaidi pamoja, maana huwezi kujua dume na jike mpaka ichanue. Maua yenyewe ni madogo, ya kijani-manjano, rahisi kupitwa na macho. Mti wa kwanza ukifunga tunda, ufunge uzi mwekundu: hilo ni jike lako, na mbegu za msimu ujao zitatoka hapo.